Kuvua Besi kwa Mshipi: Mafunzo ya Bwawa Moja la Machakos

Chini ya vilima vya Mua, upande unaoelekea mto Athi, kuna bwawa la zamani lililochimbwa wakati nchi ile ilipokuwa shamba kubwa la ng'ombe. Leo ni mali ya kikundi cha wakulima wapatao ishirini. Ng'ombe wao hunywa humo, sukuma wiki na nyanya humwagiliwa kwa maji yake, na ndani yake mna samaki wa namna mbili. Wa kwanza ni perege, ambaye hana haja ya kuelezwa. Wa pili ana kinywa kikubwa kupita kiasi, mgongo wa kijani iliyokolea, na mstari mweusi ubavuni toka kichwani hadi mkiani. Wazee wa pale hawakujua jina lake, wakamwita "Mzungu", maana walimkuta pamoja na bwawa. Jina lake ni besi.

Wenye mabwawa, na vijana wapendao kuvua, huuliza mara kwa mara habari za samaki huyu: anavuliwaje, kwa vyombo gani, na je, ana faida bwawani? Nimemvua kwa miaka mingi katika ziwa la Naivasha, na nimemvua pia katika bwawa hilo la Mua. Nitaeleza niliyoyaona, pamoja na makosa yangu mwenyewe. Lakini yafaa nianze na hasara iliyolipata bwawa hilo, kwa sababu mtu asiyeielewa aweza kuwa fundi wa mshipi na bado akaharibu maji yake.

Wavu wa siku mbili

Ilikuwa mwezi wa Septemba, wakati wa ukame, na maji yamepungua hata visiki vya miti vilivyozama vimeanza kuonekana. Kikundi kilikuwa na deni la pampu. Wakakodi wavu mrefu wa kukokota, wakavuta siku mbili. Besi wakubwa karibu wote walitoka, wengine wa kilo mbili, wakauzwa kando ya barabara ya Mombasa. Deni likalipwa, na nyumba zote zikala samaki. Siwalaumu, pampu ingechukuliwa, na nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua.

Mvua za Novemba zikanyesha, bwawa likajaa. Mwaka uliofuata perege walikuwa wengi ajabu. Ukitupa tonge la ugali majini palichemka kama sufuria. Watu wakafurahi, wakadhani bwawa limebarikiwa. Walipowavua wakaona kila perege ni wa urefu wa kidole, kichwa kikubwa na mwili mwembamba, na hata hao wadogo majike yao yalikuwa yamekwisha kubeba mayai. Akina mama wauzao samaki katika soko la Machakos waliwatazama, wakacheka, wakarudi kwenye samaki wao wa Ziwa Victoria.

Sababu yake ni hii. Perege huzaa upesi na mara nyingi. Majike ya aina nyingi huchukua mayai kinywani mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe, kwa hiyo wengi hupona. Chakula cha bwawa hakiongezeki kwa kuwa samaki wameongezeka. Kila mmoja hupata kidogo, hudumaa, naye huanza kuzaa akiwa bado mdogo, na hivyo mambo huzidi kuharibika. Aliyekuwa akizuia hayo ni besi, ambaye hula watoto wa perege asubuhi na jioni bila ya kulipwa mshahara. Walipomtoa mlinzi, shamba likaingiliwa. Huko Alabama, Marekani, mtaalamu Swingle alianza katika miaka ya 1930 kuchunguza mabwawa ya wakulima, akaonyesha jambo hilo hilo: samaki walao na samaki waliwao sharti walingane, na kosa kubwa la wenye mabwawa ni kuwamaliza walao.

Wavu hauchagui. Mshipi huchagua, kwa sababu kila samaki huja mkononi mwako mmoja mmoja akiwa hai, nawe waamua kumchukua au kumrudisha. Hiyo ndiyo sababu ya kujifunza kuvua besi kwa ndoana katika bwawa la shamba, hata kama wavu una haraka zaidi.

Besi alivyofika, na tabia zake

Besi si samaki wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kaskazini. Aliletwa Kenya mwaka 1929 akatiwa katika ziwa la Naivasha, naye yumo hadi leo. Perege wa aina ile ile inayopatikana katika mto wetu wa Athi alikuwa ametangulia kutiwa humo mwaka 1925, kwa hiyo besi alipofika alikuta mezani pamekwisha andaliwa.

Yeye ni mwindaji wa kuvizia. Haendi huku na huku akitafuta. Hukaa kivulini, karibu na kisiki, jiwe, au ukingo wa majani, akangoja kitu kipite. Kikipita hufungua kile kinywa chake kwa ghafula, maji yakaingia pamoja na mnyama, na mambo yakawa yamekwisha. Huona vizuri. Kadhalika husikia mtikisiko kwa mstari wa neva ulio ubavuni mwake, ndiyo maana mtu akikanyaga kwa kishindo ukingoni, samaki amekwisha pata habari kabla mshipi haujafunguliwa.

Wakati wa kuzaa, dume hufagia shimo dogo kwa mkia wake penye changarawe, maji yakiwa ya kina kifupi. Jike hutaga, kisha huenda zake. Dume hubaki akilinda mayai, na hata watoto wanapotoka huwachunga kwa siku kadhaa. Akiwa pale hushambulia chochote kinachokaribia, kwa hiyo ni rahisi sana kumvua, na vijana hujisifu kwa kumvua hivyo. Lakini mara atolewapo, perege huingia shimoni wakala mayai yote. Ukimwona besi amesimama mahali pamoja juu ya duara safi la changarawe, mwache.

Vyombo

Watu wengi hudhani besi hawezi kuvuliwa ila kwa vyombo vya bei kubwa. Si kweli. Besi mkubwa kupita wote walioandikwa kwa wakati wake alivuliwa na mkulima. Tarehe 2 Juni, 1932, kijana mmoja wa Georgia, Marekani, jina lake George Perry, alishindwa kulima kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha shamba, akaenda kuvua na rafiki yake. Wawili hao walikuwa na ufito mmoja na chambo kimoja cha bandia, wakipokezana. Samaki alikuwa na uzito wa kilo 10 na zaidi. Alimpima, akampeleka nyumbani, na jamaa zake wakamla. Uzito huo haukufikiwa na mtu mwingine mpaka mwaka 2009, katika ziwa Biwa la Japani.

Ufito wa mwanzi wenye urefu wa hatua tatu, na mshipi wa urefu huo huo umefungwa nchani, watosha kwa bwawa dogo. Mwenye fedha anunue ufito wenye gurudumu la kuzungushia mshipi, kwani utamwezesha kutupa mbali bila ya kusogea majini. Ufito usiwe laini mno. Kinywa cha besi kina mfupa, na ndoana haiingii kama ufito unapinda tu kama unyasi.

Mshipi wa nailoni wenye nguvu ya kilo nne hadi sita wafaa mahali peupe. Penye visiki na matete tumia wenye nguvu zaidi. Nailoni huharibiwa na jua. Besi mkubwa wa kwanza niliyempata Naivasha alinipotea kwa sababu hiyo: mshipi ulikuwa umekaa mwaka mzima dirishani, nao ulionekana mzima kabisa. Aliruka mara moja juu ya maji, akatikisa kichwa, mshipi ukakatika kama uzi wa buibui. Mpiga makasia wangu hakusema neno. Alitema mate majini akageuza mashua, nami nikaelewa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutupa, huvuta mshipi kwa mikono miwili, nikaupitisha kati ya vidole nikitafuta mahali palipokwaruzika. Nikipaona, nakata, nafunga upya. Fundo nalo lina adabu yake. Pitisha mshipi katika tundu la ndoana, zungusha ncha yake mara tano juu ya mshipi, rudisha ncha katika kitanzi kile kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ulowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Fundo likikazwa kavu, nailoni hupata moto na kudhoofika papo hapo.

Ndoana zina namba, na namba ikizidi ndoana huwa ndogo. Kwa perege, mwenye kinywa kidogo, tumia namba 10 au 12. Kwa besi tumia kubwa, zile zinazoandikwa 1/0 au 2/0. Ijaribu kwa ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, inoe kwa tupa ndogo, ikikwama iko tayari.

Juu ya chambo nitasema kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo watu hupoteza siku. Besi hula kinachosogea. Ugali, ambao ni chambo chema cha perege, hautazami. Nyungunyungu wanono wawili watatu kwenye ndoana moja, panzi, chura mdogo, hao wote wafaa. Perege mdogo aliyevuliwa katika bwawa lile lile hushinda vyote. Usilete samaki wa kutoka maji mengine. Naivasha, tangu kamba wa maji matamu walipotiwa humo mwaka 1970, besi wakubwa wamezoea kuwala sana, na mvuvi atumiaye chambo cha rangi nyekundu au kahawia kinachorukaruka chini ya maji hafanyi kosa.

Vyambo vya bandia ni vingi na vingine vimetengenezwa ili kumvutia mvuvi kuliko samaki. Kama ningeruhusiwa kimoja tu, ningechukua mnyoo wa mpira, aina iliyoanza kutengenezwa huko Ohio, Marekani, mwaka 1949. Siri yake ni namna ya kuuvalisha: ncha ya ndoana huingizwa kichwani mwa mnyoo, hutolewa, hugeuzwa, kisha hufichwa tena ndani ya mwili wake. Kwa hiyo mnyoo hupita katikati ya visiki na majani bila ya kunasa, na ncha hutokea tu besi anapouma. Tia chubwi ndogo ya risasi mbele yake, au usitie kabisa kama maji ni ya kina kifupi.

Namna ya kuvua

Nenda alfajiri, au saa kumi na moja jioni. Vaa nguo isiyong'aa. Usiende moja kwa moja mpaka ukingoni. Simama hatua kadhaa nyuma, na jua likiwa mgongoni jihadhari kivuli chako kisianguke majini. Watu wa Mua waliponiona nimechutama nyuma ya kichaka siku ya kwanza, walidhani nina haja nyingine.

Tupa kwanza karibu, kandokando ya ukingo, kabla ya kutupa mbali. Wengi hutupa katikati ya bwawa kwa sababu wanaweza, na kumbe besi yuko hatua mbili tu kutoka miguuni pao. Mahali pa kujaribu ni kwenye mawe ya ukuta wa bwawa, kwenye visiki, ukingoni mwa matete, chini ya mti ulioinamia maji, na pale kijito kinapoingia baada ya mvua. Naivasha huvuliwa kando ya mafunjo kwa jinsi hiyo hiyo, ila huko mtu huangalia pia viboko, ambao hawana mzaha.

Chambo kikianguka, ngoja. Viwimbi vyote vitulie. Kisha kivute kiasi cha shubiri moja, ngoja tena, hesabu mpaka kumi. Kazi yote ni katika kule kungoja. Mara nyingi besi amekwisha sogea, anatazama, na humeza chambo kinapoanza kuondoka tena. Hutasikia mshtuko mkubwa. Utaona mshipi unakwenda ubavuni, au umelegea bila ya sababu. Kaza mshipi, kisha inua ufito kwa nguvu mara moja. Akiruka, shusha ncha ya ufito karibu na maji na usiruhusu mshipi ulegee hata kidogo, kwa kuwa akipata nafasi ya kutikisa kichwa ataitoa ndoana. Akifika ukingoni mshike kwa mdomo wa chini, kidole gumba ndani. Meno yake ni madogo kama msasa, hayaumi.

Majira hubadili mambo. Mwezi wa Julai, wakati Machakos ina baridi na mawingu, besi hushuka kwenye kina na kuwa mvivu. Vua saa sita mchana, polepole kuliko unavyodhani inafaa. Mvua kubwa inapotia matope, samaki haoni, basi tumia chambo kikubwa cheusi kinachotikisa maji, au ungoje siku chache. Wakati wa kumbikumbi usisumbuke na chambo kingine. Mwezi wa Septemba na Oktoba, maji yakiwa machache na moto, vua alfajiri tu, kwa sababu samaki aliyechoshwa katika maji ya joto hafi mkononi mwako bali hufa baadaye, nawe hutamwona.

Mwenye kurudisha samaki alowanishe mikono kwanza, asimweke mchangani, na amshikilie majini mpaka aondoke mwenyewe.

Usiingie majini kufuata ndoana iliyonasa. Mabwawa mengi ya Machakos yana konokono wa kichocho, na ndoana ni ya shilingi chache tu.

Bwawa la Mua lilivyopona

Bahati njema wavu ule ulikuwa na matundu mapana, na besi wadogo walipenya. Kikundi kiliitisha mkutano, Bwana Samaki wa kaunti akaalikwa, wakakubaliana: wavu wa kukokota marufuku, besi yeyote anayevuliwa hurudishwa mpaka itangazwe vingine, na watoto waruhusiwe kuvua perege wadogo kadiri wapendavyo, kwa ndoana ndogo na ugali. Hao perege wa kidole hawakutupwa. Walianikwa, wakasagwa pamoja na mifupa yake, na unga wao ukatiwa katika mboga za watoto na katika chakula cha kuku.

Watu wa bwawa la jirani walikuja usiku na ndoo kuomba besi wachache. Walinyimwa, na ilikuwa haki. Si ruhusa kuhamisha samaki wa kigeni bila ya kibali cha idara ya samaki, na sababu yake si ukorofi wa ofisi. Naivasha ilikuwa na samaki wake mdogo wa asili ambaye hakupatikana mahali pengine duniani. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1962, na besi ndiye anayeshtakiwa zaidi. Mabwawa yetu hufurika, na maji ya Mua huenda Athi. Mwenye perege waliodumaa na asiye na besi afanye njia nyingine: apunguze wadogo mara kwa mara, au akaushe bwawa na kuanza upya kwa perege madume watupu kutoka kituo kinachojulikana, kama kile cha Sagana kilichoanzishwa mwaka 1948.

Nilikwenda tena Mua Jumamosi moja baada ya misimu miwili ya mvua. Perege waliokuwa kwenye karai walikuwa wa urefu wa kiganja, wengine zaidi, na mama mmoja wa sokoni alikuwa ameketi ukutani mwa bwawa akingoja kununua. Kijana mmoja alikuwa amenasa besi wa kilo mbili hivi, anamshika mdomo, mikono yake inatetemeka.

"Susu," akamwita bibi kizee anayeshika daftari la kikundi, "huyu hata mkahawa wa mjini watamchukua leo leo. Karo yangu ya chuo imebaki kidogo tu."

"Najua, mwanangu," akasema yule bibi. "Mrudishe."

Kijana akamtazama samaki, akamtazama mama wa sokoni, ambaye aligeuza uso. Akachutama, akamtia majini. Besi alikaa kitambo mkononi mwake, kisha akapiga mkia akazama.

Bibi akaandika katika daftari: besi mmoja, kilo mbili, amerudishwa, na jina la kijana. Shauri la kuanza kuchukua besi wachache wa kuuza, na fedha zake zisaidie karo, litaletwa katika mkutano wa baada ya mvua za Machi. Wengi wanataka waanze sasa. Mwenye daftari anasema perege wapimwe kwanza msimu mmoja zaidi.